Mtoto akitaka kucheza besiboli: faida iko wapi, na nini huiharibu

Mzazi aliyekulia kwenye kandanda akiangalia besiboli ya watoto kwa mara ya kwanza hushangaa: tisa wako uwanjani, na saba kati yao wamesimama tu. Hatutauremba, ndivyo ulivyo. Kama unatafuta mchezo wa kumtoa mtoto jasho, mpeleke kwenye riadha au umwache na kandanda yake. Faida ya besiboli ya mtaani, hii ambayo familia nyingi za Waswahili walioko Marekani hukutana nayo shule zinapotangaza usajili wa majira ya machipuko, ni ya aina nyingine. Tena hupotea haraka watu wazima wakiipanga vibaya.

Faida hiyo iko kwenye zamu. Kwenye kandanda mtoto mwoga anaweza kumaliza mechi nzima bila kuugusa mpira. Kwenye besiboli zamu yake ya kupiga ikifika hakuna wa kumpokonya. Little League, mtandao wa ligi za watoto ulioanzia Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939, umeweka kanuni kwamba kila mchezaji apate angalau zamu moja ya kupiga, na awe uwanjani akilinda mpaka wapinzani sita mfululizo watoke, yaani waondolewe mchezoni kwa zamu hiyo. Kocha anayemsahau mwanao benchi anavunja kanuni hiyo. Muulize baada ya mechi, si mechi ikiendelea.

Halafu kuna kukosea, na hapa ndipo wazazi wengi huharibu. Ted Williams, mpigaji maarufu wa besiboli, katika msimu wake wa 1941 ambao Wamarekani wanauzungumzia mpaka leo, alifikisha wastani wa .406, maana yake katika kila majaribio kumi alifanikiwa mara nne tu. Anayefanikiwa mara tatu kwa kumi huhesabiwa hodari. Kwa hiyo ukimuuliza mtoto njiani kurudi nyumbani "Leo umepiga mangapi?", jibu la kawaida litakuwa sifuri na ataona aibu bure. Muulize kama aliufuata mpira kwa macho mpaka kwenye gongo (la kupigia, si lile la chupa). Mpira uliopigwa kwa nguvu ukadakwa na mpinzani ni pigo zuri, hata kama kwenye karatasi ameandikiwa kutoka.

Wengine huacha mchezo mapema kwa kuuogopa mpira, na woga huo mara nyingi una chanzo: hakuna aliyewafundisha kudaka. Mpira wenyewe una uzito wa gramu 142 hadi 149 na ni mgumu. Mtoto asiyefunzwa hukinga mpira unaokuja kifuani huku kiganja kikiangalia juu, kama anayepokea sahani. Mpira huteleza kwenye glavu na kupanda usoni. Kanuni ni fupi: mpira ukija juu ya kiuno, vidole vielekee juu; ukija chini ya kiuno, vielekee chini. Anza na mpira wa tenisi, bila glavu, mita tano hivi, mikono miwili. Akidaka kumi mfululizo bila kugeuza uso, mpe glavu. Mpira mgumu usubiri. Aliyezoea rede atakuwa na shabaha na wepesi, lakini itabidi aache tabia ya kumlenga mtu. Hapa unalenga kifua cha mwenzako ili adake.

Glavu huvaliwa mkono usiorusha, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea dukani. Lebo yenye herufi RHT ni ya anayerusha kwa kulia, kwa hiyo inaingia mkono wa kushoto. Inchi 10 hadi 10.5 zinamtosha wa miaka saba au minane. Wa miaka 9 hadi 12 anahitaji 11 au zaidi kidogo. Usinunue kubwa ili aikulie, atashindwa kuifunga. Gongo nalo: mwambie alishike kwa mkono mmoja, alinyooshe mbele na kulituliza kwa sekunde ishirini. Mkono ukianza kutetemeka na kushuka, ni zito.

Kabla ya kulipia, nenda ukaangalie mazoezi ya siku moja. Ukiona watoto kumi na wawili kwenye foleni wakimsubiri kocha mmoja awarushie, jua kila mmoja atapiga mara chache na kuchezea mchanga muda uliobaki. Mazoezi mazuri ya saa moja hugawa watoto vikundi vya watatu au wanne: hawa wanapiga mpira uliowekwa juu ya kigingi cha raba, usawa wa mkanda, mbele kidogo ya mwili, wale wanadaka mipira ya chini, wengine wanakimbia kuzunguka vituo (besi) vya uwanjani. Kila dakika kumi wanabadilishana. Mtoto anayegonga kigingi badala ya mpira huwa ameshusha bega la nyuma, hahitaji kuambiwa "jitahidi".

Lakini kinachotupa wasiwasi kuliko yote ni mkono wa mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira. Kiwiko cha mtoto bado kina sehemu laini za ukuaji wa mfupa upande wa ndani, dhaifu kuliko kano zinazozivuta kila anaporusha. Ndiyo maana Little League huhesabu mipira: 50 kwa siku kwa wa miaka 7 na 8, 75 kwa wa 9 na 10, 85 kwa wa 11 na 12. Akivuka 20 anapumzika siku moja, akivuka 35 siku mbili, akivuka 50 siku tatu, na kuanzia 66 siku nne. Aliyerusha 41 au zaidi hawezi kugeuka mdakaji wa nyuma ya mpigaji siku hiyo hiyo, kwa kuwa naye hurudisha kila mpira. Hesabu hii huvunjika mtoto akichezea timu mbili, kila kocha akihesabu ya kwake tu. Shika daftari mwenyewe. Kwa mwaka, apate miezi minne bila kurusha. Maumivu ya ndani ya kiwiko si uchovu: anaacha kurusha siku hiyo na anaonwa na daktari.

Usajili unadai cheti cha kuzaliwa na uthibitisho wa makazi au wa shule iliyo ndani ya mipaka ya ligi. Kuhusu ada, kanuni za Little League haziruhusu mtoto kuzuiwa kucheza kwa kukosa malipo, hivyo uliza bila haya. Umri huhesabiwa kufikia 31 Agosti, na watoto wengi waliopitia makambi ya wakimbizi wameandikiwa 1 Januari, hivyo huweza kupangwa na waliowazidi umri. Usibadilishe tarehe kwenye fomu. Mwaka 2011 timu ya Uganda ilishinda nafasi ya kwenda Williamsport kwenye mashindano ya dunia ya Little League ikanyimwa viza, kwa sababu ya taarifa za umri zisizolingana. Watoto wa Lugazi, mji wa Uganda, ndio waliofika, mwaka 2012. Andika tarehe iliyo kwenye hati, kisha omba mtoto apimwe uwezo na kuwekwa daraja la chini kwa msimu wa kwanza.