Bandeji ya kubana kwa kidonda cha mguu

Mmeuliza kama kidonda cha mguu cha bibi kifungwe bandeji ya kubana. Ndiyo, kwa kidonda cha vena, yaani kinachotokana na mishipa inayorudisha damu moyoni, kama hicho chake (juu ya kifundo kwa ndani, ngozi ya pembeni nyeusi, mguu unavimba jioni) bandeji ya kubana ndiyo tiba yenyewe. Ila asifungwe kabla ya kupimwa presha ya kifundo na ya mkono. Gawa ya kifundo kwa ya mkono: ikiwa chini ya 0.8, damu haishuki vizuri mguuni, na kubana sana kunaweza kuua nyama. Kwa mwenye kisukari kipimo hicho hudanganya, kinasoma juu kwa sababu mishipa imekakamaa, hivyo apimwe dole gumba la mguu.

Bandeji inaanzia penye mizizi ya vidole hadi chini ya goti, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Wengi huanzia kifundoni, halafu unyayo unavimba kama andazi. Vidole vikipoa, vikifa ganzi au kubadilika rangi, fungua palepale.

Spiriti msimwagie kabisa, inaunguza nyama changa. Kwa hapo Moshi, ombeni rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC.