Kama similariti na transfomesheni hazikupandi, soma hapa

Juzi dogo mmoja wa fomu foo kutoka Kongwa kanitumia meseji, "shikamoo bro, hesabu zingine najikongoja ila similariti na transfomesheni hazipandi kabisa, na mimi nataka niwe injinia kama wewe." Marahaba. (Similariti ni maumbo kufanana sura hata kama ukubwa ni tofauti, transfomesheni ni kulisogeza umbo, kulizungusha, kuliakisi au kulikuza.) Ila mimi sio injinia, ni mpima ardhi hapa Dodoma, na nimeguswa kwa sababu topiki hiyo hiyo ndio ilifanya darasa zima linicheke.

Nilikuwa fomu foo kama yeye. Mwalimu kachora pembetatu mbili zinazofanana, pande za kubwa ni mara 3 ya ndogo, eneo la ndogo sentimita za mraba 4, kauliza la kubwa ni ngapi. Nikasema 36. Akasema hapana ni 12, akanisimamisha mbele akasema watu kama mimi tukachukue arts, basi wenzangu wakapata pa kuchekea mpaka likizo. Baadaye akaja akafuta 12 akaandika 36, kimyaaa, hata pole sikupewa. Nimemsamehe, ila sijasahau.

Sasa sikiliza. Urefu umezidi mara 3, na upana nao mara 3, kwa hiyo eneo lazima lizidi mara 9. Ujazo, kwa maumbo yenye kimo pia, ndio mara 27 kabisa. Mimi hii kitu inanilisha kila siku, maana viwanja vya huku vinapimwa kama hakuna kesho. Mchoro wa mipango miji wa skeli 1:2500, sentimita 1 ni mita 25 ardhini, kwa hiyo kimraba cha sentimita 1 kwa 1 ni mita za mraba 625. Ukizidisha kwa 25 tu kama yule mwalimu unamwambia mteja kiwanja chake kina mita za mraba 25, yaani sebule moja na choo, halafu uone utakavyotukanwa pale Nkuhungu.

Transfomesheni nazo mnazifanya ngumu kwa kukariri. Watu wanabeba matriksi (yale majedwali ya namba ya kuzidishia nukta) kichwani kama namba za simu, wakifika kwenye pepa zimechanganyika zote. Wewe chukua nukta mbili tu, (1,0) na (0,1), zichore kwenye karatasi ya grafu, zizungushe nyuzi 90 kinyume cha saa kuizunguka (0,0). Ya kwanza inaangukia (0,1), ya pili (-1,0). Ya kwanza iandike iwe safu wima ya kwanza, ya pili iwe ya pili, matriksi yako hiyo hapo. Jaribu kuizidisha na (3,2), itakuletea (-2,3). Kuakisi kwenye mstari y = x ni njia hiyo hiyo, enlajimenti (kukuza umbo) kutoka (0,0) hiyo hiyo, hakuna uchawi.

Na vijana niwaambie ukweli, penseli ya buku na karatasi ya grafu vinakushinda lakini bando la kuangalia vichekesho usiku kucha unalipata? Wazazi wanauza zabibu na alizeti mkasome, nyie mnakariri majibu ya pasti pepa! Choreni. Chora leo, chora kesho, chora mpaka mkono uzoee.

Trenslesheni (kusogeza umbo bila kuligeuza) pekee ndio usiitafutie matriksi ya namna hiyo, maana pale hata (0,0) yenyewe inahama, na matriksi hizi haziwezi kuihamisha. Hapo unajumlisha vekta tu (namba mbili zinazosema usogee kiasi gani), unaenda swali linalofuata.