Mnaoanza epe, msishushe mkono kabla ya "halte"

Msimu wa epe, mchezo wa upanga ambao ncha ikigusa mpinzani taa huwaka, umefunguliwa na vijana wanarudia lile lile. Ncha inagusa, wanashusha mkono, wanageuka kutazama taa. Taa haijawaka, na refa hajasema "halte", yaani simameni. Mpinzani anachoma na mguso ni wake. Wadogo zetu, tunawapenda, lakini hili linachosha.

1. Ncha kwanza. Springi inatakiwa kuinua uzito wa gramu 750. Ikishindwa, refa anakataa upanga huo na unapewa kadi ya njano kabla hujachoma hata mara moja. Zile skrubu mbili ndogo zikague kila asubuhi, maana hulegea kwa mitikisiko ya kawaida tu. Njoo pistini, kwenye ukanda wa kuchezea, na panga mbili na waya mbili za mwilini (za kuunganisha upanga na mashine ya taa), zote zimepimwa.

2. Umegusa na taa haikuwaka? Usichomoe waya wala usishike ncha. Mwombe refa apime hapo hapo. Ukishachomoa bila ruhusa yake, umepoteza haki ya kudai kwamba kifaa kilikuwa kibovu.

3. Sekunde. Hapa tukae.

Olimpiki ya London, Julai 30, 2012, nusu fainali ya epe ya wanawake. Britta Heidemann wa Ujerumani na Shin A-lam wa Korea Kusini wako 5-5 ndani ya dakika ya nyongeza. Kura ya kipaumbele imempa Shin: dakika ikiisha bila mguso, anakwenda fainali. Saa inaonyesha sekunde 1. Heidemann anashambulia, taa zote mbili zinawaka. Kwa sare ya namna hiyo mguso wa pande mbili hauhesabiwi, hivyo wanaanza tena. Anashambulia tena, na tena. Saa ya wakati ule ilionyesha sekunde nzima tu. Ilipofika sifuri ikarudishwa kwenye 1. Heidemann akaingia mara nyingine, taa yake ikawaka peke yake: 6-5. Korea wakakata rufaa na Shin akakaa pistini zaidi ya saa nzima akilia. Matokeo hayakubadilika. Yaliyompata yanauma mpaka leo, na anayefundisha epe asiyaruke.

Lakini vijana huuliza swali moja tu: sekunde moja inatosha nini? Inatosha, na sababu iko kwenye kanuni. Baada ya mguso halali mnarudi kwenye mistari yenu, mita 4 kati yenu. Mguso usipotolewa mnaanza pale pale mliposimamishwa, mbali kiasi tu cha mikono iliyonyooshwa ncha zisigusane. Nafasi ya kuvuka haipo tena: ni mkono na hatua moja ya kuruka. Kila mguso wa pande mbili ulimwacha Heidemann karibu vile vile, na kila mara alinyanyua upanga kana kwamba muda ndio kwanza unaanza.

Kosa hili limetoka kwetu tunaofundisha, na lazima tulikiri. Katika somo la mmoja kwa mmoja, mwanafunzi akigusa tunasema "vizuri", naye anashusha upanga. Mara 50 kwa jioni moja, tunamzoesha kulala baada ya mguso, kisha tunamgombeza mashindanoni kwa tulichomfundisha wenyewe. Dawa yake: baada ya kila mguso wa somo mwalimu ajibu kwa mchomo, na mwanafunzi akinge au arudi nyuma huku ncha ikiendelea kutazama kifundo cha mkono. Neno "vizuri" lije baada ya "halte".

4. Msikimbilie kuacha shule. Heidemann, mzaliwa wa Köln mwaka 1982, alisoma masuala ya China chuo kikuu huku akipanda: medali ya fedha ya timu Olimpiki ya Athens 2004, bingwa wa dunia 2007, dhahabu ya Beijing 2008 kwa 15-11 dhidi ya Ana Brânză wa Romania, bingwa wa Ulaya 2009.

Na siku ile ile ya London, fainali yake dhidi ya Yana Shemyakina wa Ukraine ilifika 8-8, ikaingia dakika ya nyongeza. Mguso mmoja, 9-8, na safari hii taa iliyowaka ilikuwa ya Shemyakina.