Nimezoea kukimbia Dodoma, marathoni ya Dar nitaiweza?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi nakimbiaga jioni huku Area C, nimeshafika kilomita 25, sasa nataka marathoni yangu ya kwanza nikakimbilie Dar. Nijipangeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera sana! Pumzi usiwaze, Dodoma tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar na umeshaizoea, cha kuogopa Dar ni joto lenye unyevu, huku jasho linakauka chapu ila kule linabaki mwilini na mwili haupoi, kwa hiyo spidi uliyozoea ipunguze tangu kilomita ya kwanza hata kama watu wanakupita, wengi utawakuta wanatembea baada ya kilomita 30 maana akiba ya sukari kwenye misuli imeshakata. Mcheki Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa Singida, dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo 2025 aliipata hatua za mwisho kabisa. Kwa sasa mbio yako ndefu ya wikiendi iongeze taratibu ifike 30 hivi, na uzoee kula njiani, ndizi au tende. Raba mpya siku ya mbio hapana jamani! Wahi Dar siku kadhaa kabla, maji kunywa kidogo kidogo, na ukisikia kizunguzungu simama, nakuomba.