Kwa usiku mmoja, nenda Hakone

Dada, kama ulivyosema una usiku mmoja tu wa kutoka Tokyo kwenda kuoga maji ya chemchemi za moto, usihangaike kwenda mbali. Nenda Hakone, mji wa milimani wenye chemchemi hizo: treni ya haraka iitwayo Romancecar kutoka stesheni ya Shinjuku, Tokyo, hukufikisha stesheni ya Hakone-Yumoto kwa dakika kama 85. Ninachokusihi hasa, lipia chumba cha hoteli chenye bafu lake la nje, na uulize kama maji yake ni ya chemchemi kweli. Maana kwenye onseni za pamoja, yaani mabafu ya maji ya chemchemi za moto, watu huoga uchi kabisa, wanawake upande wao, na nyingi bado hukataa wenye tatuu. Kama huli nguruwe, waambie wenye hoteli unapoweka nafasi, maana mlo wa jioni hupangwa mapema. Fika saa tisa alasiri, uoge kabla ya kula.