Programu uliyoinyima ruhusa bado inaweza kusoma meseji zako?

Kwa kawaida haiwezi, kaka. Android huipa kila programu namba yake ya mtumiaji na chumba chake, na anayelinda milango ni kerneli, yaani kiini cha mfumo. Balaa huanza kiini chenyewe kikiwa na ufa. Mwaka 2016 ulitangazwa ufa ulioitwa Dirty COW, uliokuwamo tangu 2007 kwenye Linux, kerneli ambayo Android inaitumia: programu ya kawaida kabisa iliweza kujipandisha cheo mpaka kuwa ruti, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote kwenye simu, na hapo katazo lako halina kazi tena. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio uangalie tarehe ya sasisho la usalama, lile linaloziba nyufa kama huo. Simu nyingi za mtumba ninazofungua hapa Mwanga, Kigoma, tarehe hiyo ni ya zamani na hakuna sasisho jingine litakalokuja.

Ila matapeli wengi wala hawahangaiki na kerneli. Wanakuomba tu uwashe Ufikivu, huduma iliyowekwa kwa ajili ya wasioona na wenye mahitaji mengine, kisha programu inasoma skrini na kubonyeza yenyewe. Programu ya tochi au ya mkopo ikiitaka hiyo, ifute.