Mkuu, usikompaili BIND kama hujui nani atailetea viraka

Mkuu, acha hapo hapo ulipofika. Umesema umepewa kusimamia domeni 60 za kampuni huko Mwanza. Fundi wenu anataka uachane na BIND (programu ya DNS, inayojibu jina la domeni liko kwenye anwani gani) inayokuja na mfumo kwa kuwa "ni ya kizamani", ukompaili mwenyewe toleo jipya, yaani ulijenge kutoka kwenye msimbo wake, ufiche namba ya toleo, ufunge fayawoli, kisha unakili kila kitu kwenye seva ya pili "na usahau". Halafu umeuliza kama NSD, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, ni bora kuliko BIND, kama uweke DNSSEC, zile sahihi za kuthibitisha majibu ya DNS, na RAM ya kiasi gani inatosha. Hayo ya mwisho yasubiri kwanza. Ushauri huo niliupewa mimi Arusha mwaka 2015, karibu neno kwa neno, na ulinipotezea wateja.

Nilikuwa naangalia seva za kampuni ndogo inayohifadhi tovuti za lodge na watu wa safari, domeni 43. Mashine zilikuwa za Linux, CentOS 6, na BIND yake ilijitaja kuwa 9.8.2. ISC, wenyewe wanaotengeneza BIND, walikuwa wameshaachana na 9.8. Bosi akamkodi fundi kutoka nje. Akaiona namba ile, akatikisa kichwa, akasema hapa mmelala mlango wazi. Siku hiyo hiyo akakompaili 9.9.7, akaiweka chini ya /usr/local, nje ya programu zinazotunzwa na mfumo, akaficha namba ya toleo kwa kuandika version "none" kwenye named.conf, faili la mipangilio ya BIND, akainakili hadi ns2, seva yetu ya pili, akalipwa, akaenda zake.

Kitu ambacho hakutuambia, na hadi leo nikikumbuka damu inachemka, ni kwamba namba ile ya 9.8.2 ilikuwa haisemi chochote kuhusu usalama. Red Hat, ambao CentOS ilijengwa kutokana na mfumo wao, hawabadilishi toleo kila likipatikana tundu la usalama. Wanachukua kiraka chenyewe, yaani marekebisho ya tundu hilo, wanakishonea kwenye toleo lao la zamani, na CentOS ilikuwa inakipokea. Namba ya mbele inabaki 9.8.2, kinachosogea ni mkia wake. Debian na Ubuntu nao kwa kawaida wana mtindo huo. Mtu anayelipwa kwa kazi hii anatakiwa kulijua hilo kabla hajafungua mdomo. Alituondoa kwenye programu yenye watu wanaoitunza, akatuweka kwenye programu isiyo na mtu, kisha akatuita wazembe.

Kifurushi cha zamani hakukiondoa. Kilibaki kwenye mashine, hakifanyi kazi yoyote. Sasa sikiliza kosa langu lilipo, maana hili ndilo unaloelekea kulifanya.

Tarehe 28 Julai 2015 ISC walitangaza tundu la CVE-2015-5477. Liliiathiri BIND 9 tangu toleo la 9.1.0, na lilikuwa kwenye namna inavyoshughulikia maombi ya TKEY, yale ya kukubaliana funguo za siri. Programu inatafuta rekodi ya TKEY kwenye sehemu moja ya ujumbe, ikikosa inatafuta kwenye nyingine, lakini kati ya hapo kigezo kimoja kilikuwa hakirudishwi kuwa tupu. Utafutaji wa pili ukikuta kigezo kina kitu, BIND inaona hali isiyowezekana, na ilivyoandikwa, ikiona hali isiyowezekana inajizima yenyewe. Kiraka kilikuwa mstari mmoja, name = NULL. Lakini kwa anayeshambulia ilitosha pakiti moja ya UDP. Haina haja ya nywila, wala haijali kama seva yako ni ya kujibu domeni zako tu au ya kutafutia watu majina. ISC walisema wazi kwamba hakuna mpangilio wa named.conf unaoweza kuizuia, kwa sababu pakiti inasomwa kabla ya allow-query, orodha ya wanaoruhusiwa kuuliza, kufikiwa.

Nilisoma tangazo. Nikaandika yum update, amri ya CentOS ya kusasisha vifurushi, nikaona bind imo kwenye orodha, ikashuka, ikakaa. Nikaandika rpm -q bind kuuliza toleo la kifurushi, mkia wa namba umebadilika. Nikamtumia bosi ujumbe kwamba tumeshaziba. Nilikuwa nimekiziba kifurushi kilichokaa bure. BIND iliyo hewani ilikuwa ile ya /usr/local, 9.9.7 vile vile, na yum haina habari nayo.

Wiki ya pili ya Agosti, msimu wa wageni umepamba moto, saa 11 alfajiri simu ikaanza kuita. Mama mmoja mwenye lodge upande wa Karatu aliniambia, "Mwanangu, wageni wangu wa Ujerumani wanasema lodge yangu haipo." Nikaingia kwenye seva, named, ndiyo mchakato wa BIND wenyewe, imekufa. Nikaiwasha, ikakaa dakika chache, ikafa tena. Kwenye logi kulikuwa na mstari wa REQUIRE, ule ukaguzi wa ndani, umeshindwa, chini yake umeandikwa exiting (due to assertion failure), na ukipandisha juu unaukuta ule ule, unarudia na kurudia. Nikaandika kijiskripti cha cron, kinachojiendesha kwa ratiba, cha kuiwasha kila dakika. Ikawa inawaka na kuzimwa kama taa ya kona ya gari. ns2 nayo ilikuwa na hali hiyo hiyo, na ilikuwa lazima iwe hivyo, kwa sababu ilikuwa nakala ya ile ile. Seva mbili zenye ugonjwa mmoja ni seva moja. Juu ya hapo yule fundi alikuwa ameshusha TTL, muda ambao majibu ya DNS yanakumbukwa, hadi sekunde 300 "ili mabadiliko yaende haraka", kwa hiyo ndani ya dakika tano kumbukumbu za watu zikaisha na domeni zote 43 zikatoweka kwa pamoja.

Saa nyingi zilipotea nikihangaika na fayawoli. Nilizuia anwani moja, zikaja nyingine, kwani kwenye UDP anwani ya mtumaji inabuniwa tu. Na bandari ya 53, ambako maswali ya DNS hufikia, huwezi kuifunga, ndiyo biashara yenyewe. Tundu hili nililifikiria mapema sana asubuhi ile nikaliweka pembeni, kwa sababu nilikuwa na uhakika nimeshaliziba! Nilijaribu hata kuiuliza seva toleo lake kutoka nje kwa dig, chombo cha kuuliza DNS, ikanijibu none. Kile kificho tulichowekewa hakikumzuia mshambuliaji, maana yeye hakuwa anauliza toleo, alikuwa anatuma pakiti tu. Kilinizuia mimi.

Karibu saa 5 asubuhi jamaa yangu mmoja akaniambia kwa simu niandike ls -l /proc/, namba ya mchakato wa named, kisha /exe. Nikaandika. Ikatokea /usr/local/sbin/named. Nililiangalia lile neno local, mikono ikaishiwa nguvu. Tangu Julai jibu lilikuwa amri moja tu mbali nami. Nikaizima ile, nikawasha ya CentOS yenye kiraka, nikarekebisha njia za mafaili, na saa 5 na dakika 20 majina yakaanza kujibu. Barua pepe nyingi zilikuja baadaye kwa sababu seva za watumaji hujaribu tena. Wageni waliokuwa wanatafuta pa kulala asubuhi ile hawakujaribu tena. Wateja 6 walihama mwezi ule, na yule mama wa Karatu alikuwa mmoja wao.

Anayetaka kunicheka ruksa, ila kwanza aandike amri hiyo kwenye seva yake. Akirudi bado anacheka, kahawa juu yangu.

Kwa hiyo mkuu, sheria yangu ni hii, na ningeiandika ukutani kwenu kama ningeweza: usikiulize kifurushi, iulize programu iliyo hewani. rpm -q, na dpkg -l ya Debian na Ubuntu, zinakwambia kilicholetwa, hazikwambii kinachojibu bandari ya 53. Kila baada ya kiraka fanya hivi: angalia /proc ujue ni faili gani, halafu rndc status, amri ya kuihoji BIND inayokimbia, ujue toleo na saa iliyowashwa. Kama imewashwa kabla ya kiraka kushuka, bado uko na ile mbovu hata kama faili kwenye diski ni jipya. Ukiona neno deleted mwishoni mwa njia ya faili, ni hivyo hivyo, faili la zamani limeshafutwa lakini mchakato wake bado unaishi.

Na usidhani 2015 ilikuwa ajali ya mara moja. Septemba 2016 ilikuja CVE-2016-2776, pakiti moja tena, BIND chini tena, hata kutoka kwa anwani usizoruhusu kuuliza. Mei 2020 ikaja ya TSIG, sahihi za ujumbe wa DNS. Februari 2024 watafiti wa Ujerumani wakatangaza KeyTrap, ambayo jibu moja lililotengenezwa kwa hila lingeweza kuishughulisha BIND inayokagua DNSSEC kwa saa 16. Hata Windows haikupona: SIGRed ya Julai 2020 ilikuwa imekaa ndani ya seva yao ya DNS kwa miaka 17. Nyingine inakuja, na siku hiyo fundi wenu hatakuwepo.

Kama kuna sababu ya kweli ya kukompaili, kompaili, lakini ondoa kabisa kifurushi cha mfumo kisikudanganye, na ujiandikishe kupokea matangazo ya ISC kwenye barua pepe unayoisoma kweli, si ile ya info@ ya kampuni. Na kuhusu NSD, ndiyo, iweke, lakini kwenye ns2 tu, ns1 ibaki BIND. Zimeandikwa na watu tofauti, kwa hiyo pakiti inayoiua moja ina nafasi ndogo ya kuiua nyingine. Ningekuwa na hiyo Agosti ile, yule mama asingenipigia.

Umeandika kwamba fundi amekwishaanza kazi kwenye ns1. Nenda sasa hivi uandike ile ls -l ya /proc, kisha bandika hapa ilichokujibu. Nipo hadi saa 6 usiku.